Gesi ya Kyejo na maganda ya mise

Ukitoka kwenye mashamba ya mpunga na kakao ya Kyela ukapandisha kuelekea Busokelo, wilayani Rungwe, unafika kwenye mlima Kyejo, volkano iliyolipuka mara ya mwisho karibu mwaka 1800. Ardhi ya huko bado hutoa gesi ya kabonidayoksaidi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama mabondeni, na ndege au mnyama akiingia humo hukosa pumzi akafa.

Gesi hiyo hiyo ndiyo bidhaa ya TOL Gases, kampuni ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, Aprili 1998. Huivuna Rungwe na kuwauzia watengenezaji wa vinywaji. Mapovu ya soda yanatokana nayo. Nchini Kenya, Carbacid hufanya biashara ya aina hiyo kutoka visima vya Kereita.

Thamani iko kwenye usafishaji. Gesi ya ardhini haifai kutiwa kwenye vinywaji hadi iondolewe unyevu na salfa, ikandamizwe, kisha ipozwe mpaka iwe kimiminika na kuhifadhiwa kwenye matangi, kwa kawaida katika nyuzi joto 20 hivi chini ya sifuri. Kiwanda cha bia nacho huzalisha gesi hii pombe inapochachuka. Kuiachia ipotee angani, kisha kununua nyingine, ni hasara isiyo na sababu.

Hasara kama hiyo ipo pia katika viwanda vya rangi na uchapaji, ambako kinachopotea ni mvuke wa viyeyushi, jamii ya ile tina ya wapaka rangi. Mvuke huo hudhuru mapafu na huweza kulipuka, lakini unakamatika. Hewa chafu hupitishwa kwenye tangi la makaa maalumu yenye vitundu vidogo mno, na kiyeyushi hunasa humo. Makaa yakishiba, hupulizwa mvuke wa maji moto. Mchanganyiko unaotoka hupozwa, na kiyeyushi kama toluini huelea juu ya maji, kikachotwa na kurudishwa kazini.

Hapo ndipo Kyela inapoingia. Makaa hayo hutengenezwa kwa vifuu vya nazi na pia kwa maganda magumu ya mise, yaani kokwa za mchikichi, na Kyela ni wilaya ya michikichi. Mawese yakishakamuliwa, maganda mengi huishia kuwa kuni. Kuyageuza makaa ya kusafishia gesi kunahitaji tanuru la joto kali na mtaji, si kazi ya mkamuaji mmoja. Halmashauri, shirika la viwanda vidogo SIDO na vyama vya ushirika vya Kyela vikae pamoja, vipime maganda yaliyopo na kutafuta wanunuzi kabla ya tanuru la kwanza kujengwa.