Flashi ni Mtumbwi, si Ghala: Vifaa Vidogo vya USB kwa Anayekwenda Kigangoni

Mwezi Mei 2024 sisi watu wa kusini tulipata somo mara mbili ndani ya wiki mbili. Kwanza kilikuja Kimbunga Hidaya, na mvua zake zikaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga. Kabla hatujapumua, Jumapili ya tarehe 12, mikongo ya intaneti ya EASSy na SEACOM iliyolazwa chini ya bahari ikakatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukayumba nchi nzima. Barua pepe haziendi, picha hazifunguki. Mwenye kazi yake ndani ya flashi aliendelea kuandika. Aliyeweka kila kitu mtandaoni alikaa akisubiri.

Kwa hiyo hatuwezi kuvidharau vifaa hivi vidogo vinavyochomekwa kwenye tundu la USB. Kwa frateri anayepangiwa uchungaji Msimbati, Kitaya au Kilambo, vinaweza kuwa ndiyo maktaba yake, taa yake na ofisi yake. Lakini vifaa hivi vina udhaifu ambao muuzaji hausemi. Makala hii inaeleza vinavyofanya kazi, vinavyotusaidia na vinavyotuangusha.

Kisa cha flashi moja

Katika parokia moja ya mwambao, ambayo sitaitaja, katibu alifanya kazi nzuri sana. Kitabu cha ubatizo cha zamani kilikuwa kimeanza kuliwa na mchwa pembeni, naye kwa miezi kadhaa akawa anachapa majina yote kwenye kompyuta: jina la mtoto, wazazi, msimamizi, tarehe, padre aliyebatiza. Kompyuta haikuwa ya parokia, hivyo kila jioni alihifadhi kazi kwenye flashi na kurudi nayo nyumbani. Siku moja akaipeleka steshenari ili achapishe kurasa chache. Aliporudi na kuichomeka, majalada yote yalikuwa yamegeuka alama ndogo zenye mshale, na kila alichobofya hakikufunguka.

Wiki hiyohiyo alikuja mama mmoja kuomba cheti cha ubatizo cha binti yake aliyekuwa anajiandaa kwa ndoa. Ukurasa wa kitabu uliokuwa na jina hilo ndio ulioliwa na mchwa. Nakala pekee ilikuwa ndani ya flashi ile.

Kisa hiki tutakirudia. Kwanza tuone flashi yenyewe ni kitu gani.

Ndani ya flashi kuna nini?

Mfumo wa USB ulitoka Januari 1996, kazi ya makampuni kadhaa yakiwemo Intel, Microsoft, IBM na Compaq, ili tundu moja litumike kwa kila kifaa badala ya kila kifaa kuwa na tundu lake. Flashi za kwanza ziliingia sokoni mwaka 2000. Ile iliyouzwa na IBM ilibeba megabaiti 8 tu, na watu waliistaajabia, kwa kuwa diski laini ya wakati ule ilibeba megabaiti 1.44.

Ndani ya flashi hakuna kinachozunguka. Kuna kipande cha silikoni chenye mabilioni ya vyumba vidogo mno, na kila chumba kimefungia chaji kidogo ya umeme. Kiasi cha chaji hiyo ndicho herufi zako na picha zako. Hapo ndipo ulipo uzuri wake na udhaifu wake. Uzuri ni kwamba inaweza kuanguka sakafuni isidhurike. Udhaifu ni miwili. Chaji huvuja polepole, na joto huharakisha uvujaji huo. Flashi iliyosahaulika miaka mingi kwenye droo inaweza kukuta imesahau ilichopewa. Pili, kila chumba huchoka kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi. Kadi za memori za simu ni ndugu zake, na udhaifu wao ni uleule.

Ndiyo maana nasema flashi ni mtumbwi. Pale Kilambo mtumbwi unakuvusha Ruvuma hadi ng'ambo ya Msumbiji, lakini hakuna anayehamishia akiba yake ya chakula ndani ya mtumbwi na kuiacha humo mwaka mzima. Flashi ni ya kuvushia kazi kutoka mashine moja hadi nyingine. Ghala ni kitu kingine.

Maadui watatu wa mwambao

Adui wa kwanza ni hewa ya chumvi. Upepo wa bahari unabeba chembe za chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Unyevu wenye chumvi ukikaa kwenye vipande vya chuma vya kichwa cha USB, hasa umeme unapopita, hujenga kutu, mara nyingi ya rangi ya kijani. Ndipo unapochomeka na kuambiwa kifaa hakitambuliki. Dawa yake ni rahisi: weka flashi na kebo kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kutu ikiwa imeanza, safisha kwa pamba yenye spiriti kidogo, kisha acha ikauke kabisa kabla ya kuchomeka.

Adui wa pili ni flashi feki. Utaikuta imeandikwa TB 2 na bei yake ni ya sahani ya wali na samaki. Ndani yake huenda kuna gigabaiti 8 tu. Aliyeitengeneza amebadilisha programu ndogo ya ndani ili kompyuta idanganywe kuhusu ukubwa. Gigabaiti 8 za kwanza zinaingia salama. Baada ya hapo, majina ya majalada yanaonekana lakini ndani hamna kitu, au kazi mpya inaandikwa juu ya ya zamani. Kuna programu za bure za kupima: H2testw kwa Windows, na F3 kwa Linux na Mac. Zinaijaza flashi yote kisha zinasoma tena kuona kama kilichowekwa ndicho kinachotoka. Ipime siku unayoinunua, ungali unamkumbuka muuzaji.

Adui wa tatu ni virusi, na makao yake makuu ni kompyuta inayochomekwa flashi za kila mtu. Sisemi steshenari ni mahali pabaya, tunazihitaji. Lakini mashine inayopokea flashi hamsini kwa siku ni kama kisima kinachochotwa kwa ndoo hamsini. Dunia nzima ilijifunza hili. Kirusi cha Conficker kilichoanza mwishoni mwa 2008 kilisambaa pia kwa flashi, kikitumia tabia ya Windows ya kufungua yenyewe programu iliyomo kwenye kifaa. Microsoft walisambaza marekebisho ya kuizima tabia hiyo kwenye flashi mwezi Februari 2011. Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kiliweza kuingia kwenye mitambo ya nyuklia ya Iran ambayo haikuunganishwa na intaneti, na njia yake inayojulikana zaidi ni flashi.

Kile kilichotokea kwa katibu wetu

Kirusi kilichoingia kwenye flashi ya katibu ni cha kawaida sana huku kwetu. Hakifuti kazi. Kinayaficha majalada yako na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale, ili ukibofya ukisambaze kwenye kompyuta. Watu wengi wakiona hivyo wanaifomati flashi, na hapo ndipo wanapofuta kazi yao kwa mikono yao wenyewe.

Frateri aliyekuwa pale kwa likizo ya kichungaji alisema tusifomati kwanza. Aliitumia kompyuta yenye kinga ya virusi iliyosasishwa, akaikagua flashi, akafungua dirisha la amri na kuandika amri hii, akiweka herufi ya flashi mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo huyaondolea majalada alama ya kufichwa. Majina yote yakarudi. Zile njia za mkato zikafutwa, kazi ikanakiliwa kwenye kompyuta, ndipo flashi ikafomatiwa. Mama yule akapata msaada wake, baada ya paroko kulinganisha taarifa na kuthibitisha na msimamizi wa ubatizo aliyekuwa bado hai.

Nakala tatu, mahali pawili

Kuanzia siku hiyo parokia ile iliweka utaratibu ambao watunza kumbukumbu wengi duniani wanaufuata. Kazi moja iwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na nakala moja ikae mbali na zingine. Nakala ya kwanza ipo kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu hupelekwa jimboni. Flashi imebaki kuwa mtumbwi wa kuvushia kati yao.

Hata kama hakuna kompyuta, kazi inawezekana. Kebo ndogo ya OTG inaiunganisha simu janja na flashi moja kwa moja. Kwa ruhusa ya paroko, piga picha kila ukurasa wa kitabu cha zamani mchana penye mwanga mzuri. Picha moja ikiwa na megabaiti 4, kitabu cha kurasa 300 ni kama gigabaiti 1.2. Vitabu kumi vinaingia kwenye flashi ya gigabaiti 16 na nafasi inabaki.

Tahadhari mbili. Kwanza, picha haichukui nafasi ya kitabu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaitaka kila parokia iwe na vitabu vyake na kuvitunza kwa uangalifu. Nakala ni ya kuokoa kitabu kinapoharibika. Pili, majina hayo ni ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatudai sote uangalifu. Flashi ikidondoka kwenye bodaboda, atakayeiokota asiweze kusoma ni nani alizaliwa nje ya ndoa. Yafunge majalada kwa nenosiri. Programu za bure kama 7-Zip na VeraCrypt zinafanya kazi hiyo. Nenosiri alijue paroko pia, maana frateri huhamishwa.

Umeme na maktaba mfukoni

Vifaa vingine vya USB havibebi maandishi, vinatumia umeme wa volti 5 tu: taa, feni ndogo, redio. Hapa pawabenki inatajwa sana, na hesabu yake inawachanganya wengi. Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 inahesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, yaani wati-saa 37. Ikipandisha hadi volti 5 inapoteza kiasi, hivyo tegemea kama wati-saa 25. Simu yenye betri ya mAh 5,000 inaijaza mara moja na kidogo. Taa ya USB ya wati 1 itawaka kama saa 25, yaani jioni za wiki nzima kwa saa tatu na nusu kila siku. Feni ya wati 2.5 itazunguka saa kumi. Ukijua hesabu hiyo, hutalala gizani Jumamosi usiku ukiwa hujamaliza mahubiri.

Kwa maktaba, kuna Kiwix, programu ya bure iliyoanza mwaka 2007, inayokuwezesha kusoma Wikipedia nzima bila intaneti. Ile ya Kiswahili inaingia kwenye simu ya kawaida. Unaipakua ukiwa mjini Mtwara penye mtandao, unaivusha kwa flashi, na wenzako wanaipata bila kununua bando.

Anayetaka kwenda mbali zaidi aitazame Raspberry Pi, kompyuta kamili yenye ukubwa wa kitambulisho, iliyotoka Februari 2012 kwa dola 35. Ndugu yake mdogo, Raspberry Pi Zero, alitoka Novemba 2015 kwa dola 5. Hapa nchini, shirika la Powering Potential limeweka kompyuta za aina hii zinazotumia umeme wa jua katika shule za sekondari za Karatu, zikiwa na maktaba ya kusomea bila intaneti. Ikiwekewa Kiwix, inaweza kurusha Wi-Fi yake ndogo, na wanafunzi darasani wakasoma kwa simu zao. Lakini nayo inaishi kwa kadi ya memori, kwa hiyo sheria ya nakala inaihusu vilevile.

Kabla ya kufunga begi

Frateri, ukipangiwa kigango mwaka huu, beba flashi mbili zilizopimwa, moja ya kwenda steshenari na nyingine isiyotoka kamwe. Ile ya steshenari iwe na jalada unalochapisha tu. Beba kebo ya OTG, pawabenki moja ya kweli, taa ya USB na kopo lenye mfuniko. Usichomeke flashi uliyoiokota, hata kama imeandikwa jina la mtu unayemjua, mpelekee mwenyewe.

Na ile flashi ya katibu? Miezi michache baadaye ilikufa kabisa, kichwa chake kimeliwa na kutu. Aliitupa kwenye ndoo ya taka na kuendelea na kazi, kwa sababu safari hii hapakuwa na kitu ndani yake ambacho hakikuwepo pia mahali pengine pawili.