Je, Wajua? Wanaotangulia Kupokea Dawa Mpya ya Saratani

Je, wajua kwamba dawa nyingi mpya za maradhi mengine huanza kujaribiwa kwa watu wazima wenye afya, lakini za saratani kwa kawaida huanzia kwa wagonjwa? Nyingi kati yake zinaua seli, na si haki kumtia sumu hiyo mtu asiyeumwa. Wanaotangulia mara nyingi ni wale ambao tiba zilizopo zimeshindwa kuwafaa.

Je, wajua swali kuu la awamu ya kwanza ya majaribio? Mwili utastahimili dozi gani. Utaratibu uliozoeleka ni wa watatu watatu. Wagonjwa watatu hupewa dozi ndogo na kuangaliwa kwa wiki tatu au nne. Wakiwa salama wote, watatu wengine hupewa dozi ya juu zaidi. Mmoja akipata madhara makali, wanaongezwa watatu kwenye dozi ileile. Waliodhurika wakifika wawili, dozi haipandishwi tena.

Je, wajua mwanasayansi wa majaribio haya anashughulika na nini kutwa? Dakika. Muuguzi huchota damu kabla ya dozi, kisha baada ya nusu saa, saa moja, mbili, nne, nane, na kesho yake. Kila kichupa huandikwa saa na dakika, huzungushwa kwenye mashine ili plazima ijitenge, kisha hugandishwa kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri au zaidi. Mwanasayansi hupitia kumbukumbu hizo mstari kwa mstari. Akiona nyakati zilizoandikwa zinapingana, huwauliza waliochota. Saa ikikosewa, hesabu ya jinsi dawa inavyopanda na kushuka mwilini inapotoka, na hesabu hiyo husaidia kupanga dozi ya mgonjwa anayefuata. Kwangu mimi, hii ni kazi ya heshima kubwa.

Je, wajua kwamba tukio lolote zito linalompata mgonjwa hutakiwa kuripotiwa kwa wasimamizi wa jaribio ndani ya saa 24?

Je, wajua imatinib, kidonge cha saratani ya damu, kilianza kujaribiwa kwa binadamu Marekani Juni 1998? Dozi ilipandishwa kutoka miligramu 25 kwa siku hadi 1,000. Kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi, 53 walirudiwa na hesabu ya kawaida ya chembe za damu. Mei 2001 dawa ikaidhinishwa. Bahati hiyo ni adimu: kati ya dawa 100 za saratani zinazoingia awamu ya kwanza, takriban 5 tu huidhinishwa.

Je, wajua Kampala ina nafasi yake katika historia hii? Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwashika watoto wa Uganda. Mwaka 1967 taasisi ya saratani ilifunguliwa Mulago, jijini Kampala, na watoto wengi waliotibiwa huko kwa dawa walipona. Mkurugenzi wake wa kwanza, John Ziegler, alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya utafiti wa tiba ya Lasker mwaka 1972.

Je, wajua mgonjwa anaweza kujitoa kwenye jaribio wakati wowote bila kutoa sababu? Ukiombwa kushiriki, usitie sahihi papo hapo. Ichukue fomu ya ridhaa nyumbani, isome na ndugu zako, kisha rudi uulize: mimi niko kwenye dozi ya ngapi, na waliotangulia wamepata nini?