Siku ya Kupasuliwa Taya: Mgonjwa Atarajie Nini?

Kutoka Mloka, kijiji kilicho kando ya mto Rufiji karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hadi hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Msafiri hupita Mkongo, Kibiti na Mkuranga. Kwa mwenye afya njema, safari hiyo ni uchovu wa siku moja tu. Lakini kwa mama aliyejitanda kanga hadi mashavuni ili majirani wasiuone uvimbe wa taya lake, hiyo ni safari aliyoiahirisha kwa miaka mitatu.

Mama huyu ni wa mfano tu, walakini wanaofanana naye ni wengi. Uvimbe wake ulianza kama kijipunje nyuma ya gego. Haukuuma. Baadaye meno yakaanza kulegea, naye akang'olewa moja akidhani ndilo chanzo. Uvimbe ukaendelea. Jamaa wengine wakanong'ona kwamba amerogwa.

Ugonjwa wa namna hii aghalabu huitwa ameloblastoma. Hutokana na chembe zile zinazohusika na kuumba gamba gumu la jino, na mara nyingi huota katika taya la chini la watu walio katika umri wa kufanya kazi. Tafiti za mabingwa wa Muhimbili zilizochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilionyesha kwamba ndio unaoongoza nchini miongoni mwa uvimbe wa taya unaotokana na chembe za meno. Kwa kawaida si saratani, lakini hula mfupa polepole bila huruma. Dawa za kunywa au za kupaka haziuondoi. Tiba yake ni kisu, na kadiri mtu anavyochelewa ndivyo sehemu ya taya inayopaswa kuondolewa inavyozidi kuwa kubwa.

Ni nini basi kinachowachelewesha watu? Umbali na gharama ni sababu mojawapo. Nyingine ni hofu, na hofu hukua pale mtu asipojua litakalompata. Kwa hiyo tumfuate mama huyu katika siku yake.

Siku huanza kabla ya siku

Mgonjwa wa Mloka hupewa rufaa kutoka kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na pengine hupitia hospitali ya rufaa ya mkoa, Tumbi, kule Kibaha. Akifika kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya hupigwa picha za mionzi, hupimwa damu, na kipande kidogo cha uvimbe hukatwa kikachunguzwe. Ndugu huombwa kujitolea damu, kwa kuwa upasuaji wa taya waweza kumwaga damu nyingi. Asiye na uwezo na aulize mapema katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, asisubiri siku yenyewe.

Mgonjwa pia hutia saini, au dole gumba, katika fomu ya kukubali kupasuliwa. Hiyo si hati ya kukabidhi roho yake, kama wengine wanavyodhani. Ni haki yake ya kuelezwa kitakachofanyika, na ni wakati wa kuuliza maswali.

Kikombe cha chai

Alfajiri muuguzi hufika kitandani.

"Shikamoo, mama. Tangu jana usiku umekula nini?"

"Marahaba, mwanangu. Sijala kitu. Nimekunywa chai ya maziwa tu, kikombe kimoja, kutuliza tumbo."

"Mama, chai ya maziwa ni chakula."

Siku hiyo mama hakupasuliwa. Jina lake lilisogezwa mbele. Ndugu waliotoka Rufiji walinung'unika, lakini muuguzi alikuwa amemwokoa. Mtu aliyelala kwa dawa ya usingizi hawezi kujikinga. Kilichomo tumboni chaweza kupanda kooni na kuingia mapafuni, naye akafa. Kwa sababu hiyo, kanuni ya kawaida ni kutokula kwa muda wa saa 6, na kutokunywa hata maji kwa muda wa saa 2 kabla ya usingizi. Hospitali nyingi huagiza mgonjwa asile tangu usiku wa manane. Agizo la wodini ndilo la kufuatwa.

Ukweli huo huo watakiwa katika mambo mengine. Mgonjwa aseme kama ana shinikizo la damu, kisukari au pumu, na kama ametumia dawa za miti shamba. Aonyeshe meno yaliyolegea na avue meno ya bandia, pete, hereni na mkufu. Rangi ya kucha na piko viondolewe vidoleni mapema, kwani kifaa kinachopima hewa katika damu hubanwa kidoleni na chaweza kupotoshwa na rangi.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji

Mara ya pili mama alifika tumbo tupu. Alivishwa gauni la hospitali, akalazwa juu ya machela. Mlangoni aliulizwa jina lake, kisha akaulizwa tena ndani, na upande gani wa taya wenye uvimbe. Asiyejua hudhani waganga wamesahau. Sivyo. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limehimiza orodha ya ukaguzi isomwe kwa sauti kabla ya kisu kushikwa, ili pasiwe na kosa la mtu wala la upande.

Dawa ya usingizi hupitia katika mshipa wa mkono. Akishalala, mpira wa kupumulia hupitishwa mara nyingi puani, kwa sababu kinywa ndicho mahali pa kazi. Iwapo uvimbe umeziba njia, hewa yaweza kupitishwa katika tundu dogo linalotobolewa kooni kwa muda. Kisha daktari huondoa sehemu ya mfupa iliyoliwa pamoja na ukingo wa mfupa mzima, ili mzizi usibaki. Pengo huunganishwa kwa bamba la madini ya titani na skrubu. Huenda baadaye mfupa ukachukuliwa nyongani au mguuni kujaza pengo. Kazi hii huchukua saa kadhaa. Ndugu walioko nje wasitafsiri kuchelewa kuwa ni msiba.

Atakapoamka

Ataamka na koo linalowasha, uso uliovimba na mpira mwembamba unaotoa damu chafu shingoni. Uvimbe huo huzidi siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua. Mdomo wa chini waweza kufa ganzi, na ikiwa mshipa wa fahamu umeondolewa pamoja na mfupa, ganzi hiyo yaweza kubaki. Ni heri mgonjwa ayajue haya kabla, asije akayagundua kwenye kioo.

Hataweza kusema vizuri. Ndugu ampelekee daftari na kalamu. Asiyejua kuandika wakubaliane naye ishara za mkono kabla: hii ni maji, hii ni maumivu, hii ni kukosa hewa.

Waliovunjika taya, mathalani katika ajali za pikipiki, pengine hufungwa meno kwa nyaya kwa muda wa wiki 4 hadi 6. Kwao mkasi wa kukatia nyaya hauna budi kuwa karibu na kitanda, na anayewauguza aonyeshwe pa kukata, wasije wakatapika wakapaliwa.

Chakula huanza kwa mpira wa puani au kwa kikombe: maziwa, uji laini uliochujwa, supu ya perege isiyo na mwiba hata mmoja. Kila baada ya chakula kinywa husukutuliwa taratibu kama daktari alivyoelekeza. Sigara na ugoro ni mwiko.

Asiharakishe kurudi

Mgonjwa wa mbali hutamani nyumbani upesi. Afadhali apate jamaa wa kumhifadhi Dar es Salaam hadi ruhusa ya mwisho itolewe. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti yalitukumbusha jinsi njia inavyoweza kukatika. Homa, usaha, damu mbichi au pumzi ya shida ni dalili za kurudi hospitali saa ile ile. Hata akipona, na ahudhurie uchunguzi kwa miaka mingi, maana ameloblastoma huweza kurudi.

Mama wa mfano wetu atarudi Mloka na kovu chini ya kidevu na meno machache zaidi. Shavu lake halitakuwa kama la zamani. Lakini atakula, atasema, atalea wanawe. Laiti angekwenda mwaka ule wa kwanza, kovu lingekuwa dogo zaidi. Kwa hiyo, msomaji, mwenye uvimbe usiouma asingoje hadi uume.