Mita za kidijitali katika pikipiki za zamani: Mambo ya kuzingatia kabla ya kukata waya

MTU anayeendesha BSA ya miaka ya 1950 katika Barabara ya Kenyatta, jijini Nakuru, akauona mshale wa mita umesimama kwenye 50, huenda akajiona raia mwema. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, huruhusu mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa mijini. Lakini pikipiki hiyo ilitengenezewa Waingereza, na mita yake huhesabu maili. Maili 50 ni kilomita 80. Mwendeshaji huyo amepita kiwango kwa kilomita 30, tena akitegemea breki za zamani ambazo haziwezi kulinganishwa na za pikipiki za leo.

Hii ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wenye pikipiki za zamani kutamani mita za kidijitali. Sababu nyingine ni kebo. Fundi wa jua kali aweza kuchonga bushi, kurekebisha kabureta na kuifufua injini iliyolala miaka 20 ghalani huko Njoro au Subukia, ila kebo ya mita ikikatika, au meno ya ndani yakilika, vipuri huwa adimu na bei yake haisemeki.

Ili kuelewa kinachobadilishwa, yafaa kujua mita ya zamani ilivyofanya kazi. Kebo nyembamba ilizungushwa na gurudumu au giaboksi. Katika mita nyingi kebo hiyo ilizungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Kikombe kiliburutwa na nguvu za sumaku huku springi nyembamba ikikivuta nyuma, na mshale ukaonyesha mwendo pale nguvu hizo mbili zilipolingana. Springi hiyo huchoka kwa miaka, na mita huanza kusema uongo bila mwenyewe kutambua.

Kampuni ya Smiths ya Uingereza ilikuwa na aina nyingine, Chronometric, yenye mtambo kama wa saa ndani yake. Iliihesabu mizunguko ya kebo katika kipindi maalumu, kisha ikausogeza mshale. Ndiyo maana mshale wake huruka-ruka badala ya kupanda taratibu. (Aliye na Smiths ya namna hiyo inayofanya kazi, ushauri wangu ni kwamba asiiguse.)

Ajabu ni kwamba mita ya kidijitali nayo hufanya kazi hiyo hiyo ya kuhesabu. Sumaku ndogo hubandikwa kwenye habu ya gurudumu la mbele, na kihisi hufungwa kwenye sahani ya breki, milimita chache kutoka pale sumaku inapopita. Kihisi kisifungwe juu kwenye fremu, kwa kuwa uma wa mbele hupanda na kushuka kwenye mashimo na nafasi ile hubadilika. Kila sumaku inapopita, mita huandika mzunguko mmoja. Gurudumu lenye mzingo wa sentimita 198 huzunguka takriban mara saba kwa sekunde pikipiki inapokwenda kilomita 50 kwa saa.

Hapo ndipo penye mtego. Mita haijui ukubwa wa gurudumu lako, bali huamini nambari uliyoipa. Tuseme gurudumu ni la sentimita 198, nawe ukaiacha nambari ya kiwandani ya 180. Mita itakapoandika 50, pikipiki itakuwa inakwenda 55. Itakapoandika 80, itakuwa 88. Kwenye mteremko wa Salgaa, ambako malori yamepoteza breki na watu wengi wakapoteza maisha, kilomita nane zisizojulikana si jambo dogo. Huo ni uongo mbaya kuliko wa mshale uliochoka, maana watu huziamini tarakimu zing'aazo kuliko mshale unaotikisika.

Kipimo chenyewe hakihitaji fundi. Jaza upepo unaofaa, chora alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, mwendeshaji akae juu yake kwa kuwa uzito hubonyeza tairi, kisha sukuma pikipiki hadi gurudumu litimize mizunguko mitano. Pima umbali huo na ugawe kwa tano. Baadaye linganisha na simu inayopima mwendo kwa setilaiti, mwenzako akiisoma kutoka gari linalokwenda sambamba nawe, mahali pasipo na msongamano.

Umeme ndio unaoharibu mita nyingi. Pikipiki nyingi ndogo za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970 zilitumia volti 6, ilhali mita nyingi zinazouzwa sasa huhitaji 12. Ukiunganisha tu, huenda tarakimu zisiwake, au ziwake na kuzimika kila unapogusa honi. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kupandisha volti, au betri ndogo ya pekee ya volti 12.

Baadhi ya pikipiki, zikiwemo aina fulani za BSA Bantam, hazikuwa na betri kabisa. Taa zilipata umeme moja kwa moja kutoka kwa injini, nao ni wa mkondo geu unaopanda na kushuka kulingana na mwendo wa injini. Umeme huo huiua mita mara moja. Lazima kwanza upitie rektifaya na regyuleta, kisha betri.

Jambo la tatu huwanasa hata mafundi hodari. Katika pikipiki nyingi za Uingereza za enzi hizo, ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye fremu. Fundi aliyezoea Boxer na TVS za bodaboda ataufunga waya mweusi kwenye fremu kwa mazoea, na mita ya maelfu ya shilingi itaungua kabla hajafunga nati ya mwisho. Kagua betri kwanza. Ikiwa chanya ndiyo iliyo kwenye fremu, waya mwekundu wa mita ndio unaokwenda huko, mweusi uende ncha hasi kupitia fyuzi, na kasha la mita, likiwa la chuma, lisiguse fremu hata kidogo.

Mita inayoonyesha pia mizunguko ya injini huhitaji kuambiwa plagi huwaka mara ngapi. Injini ya tuu-stroki yenye silinda moja huwasha plagi kila mzunguko. Ya foo-stroki huenda ikawasha mara moja kwa mizunguko miwili. Ukikosea, injini inayonguruma kwa 1,000 itasomeka 2,000 au 500. Tarakimu zikirukaruka ovyo, aghalabu ni kelele za umeme wa plagi. Usipitishe waya wa kihisi kando ya waya wa plagi, na uvalishe plagi kofia yenye kizuizi cha kelele hizo.

Jina la Nakuru lasemekana kutoka kwa neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na vumbi la volkano la eneo hili ni laini mno. Huingia kwenye kila kasha lisilozibwa kwa mpira. Mtetemo wa silinda moja nao hukata miguu ya waya, kwa hiyo mita ikalie raba.

Usitoboe wala kuchomelea chochote cha asili. Tengeneza bamba linaloshikwa na nati zilizopo. Katika mashindano ya Concours d'Elegance jijini Nairobi, ambako magari na pikipiki hukaguliwa na waamuzi, tundu lililotobolewa kwenye taa ya 1955 halifichiki, na mnunuzi naye hupunguza bei kwa sababu hiyo. Mita ya zamani ipake mafuta, ifunge kwa kitambaa na kuihifadhi pakavu. Kabla ya hapo ipige picha na uandike umbali iliousoma pamoja na tarehe, kwa kuwa mita mpya itaanza kwa sufuri na mnunuzi wa kesho atataka kujua mengine yalikwenda wapi.