Sahihi Ipo, Lakini ya Nani?

Mama mwenye stesheneri ya mtaani kwetu alinigeuzia skrini hata salamu hazijaisha. Ukurasa wa mwanzo wa kivinjari chake ulikuwa umebadilika, matangazo ya dawa za kitambi yalichomoza kila alipofungua kazi ya mteja, na pembeni palikaa kitu kinachojiita kisafishaji cha kompyuta, kikidai alipe ndipo kiondoe makosa mia kadhaa. "Kaka, mimi nimeshusha VLC tu," akasema. "Mteja alileta video ya harusi kwenye flashi, ikagoma kufunguka."

Nikaingia kwenye folda ya vilivyoshushwa. Faili lilikuwapo, na ile koni ya barabarani ya rangi ya machungwa juu yake, ila ukubwa wake ulikuwa megabaiti 2 hivi. VLC halisi ya Windows inapita megabaiti 40. Nikabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua Properties, kisha kichupo cha Digital Signatures. Sahihi ilikuwapo, tena halali. Shida ni kwamba aliyeitia hakuwa VideoLAN, lile shirika la Ufaransa linalotengeneza VLC na kuitoa bure. Palikuwa na jina la kampuni ambayo mimi na mama yule hatujapata kuisikia.

Sahihi ya kidijitali hufanywa hivi. Programu nzima hukokotolewa mpaka ikatoa alama fupi, mfano wa alama ya kidole. Kwa mtindo wa SHA-256, alama hiyo ni herufi na tarakimu 64, programu iwe ndogo au kubwa. Mtengenezaji huifunga kwa ufunguo wake wa siri, kisha huambatisha cheti chenye ufunguo wa umma na jina lake. Kompyuta yako hukokotoa upya na kulinganisha. Hata biti moja ikiwa imeguswa njiani, alama hazioani. Utaratibu wa Microsoft, uitwao Authenticode, upo tangu 1996.

Cheti chenyewe hutolewa na mamlaka ya vyeti baada ya kuhakikisha kwamba mwombaji yupo kweli. Hapo kazi yao imeisha, hawakuionja programu. Na hawa wadoezi (sina jina zuri zaidi la programu zinazodandia mgongo wa ile uliyoiomba) mara nyingi ni mali ya kampuni zilizosajiliwa, zenye wanasheria, na zenye masharti marefu ambayo wewe uliyakubali bila kuyasoma. Cheti kinawafaa mno. Programu isiyo na sahihi ikiomba ruhusa, Windows hutoa kidirisha chenye onyo la njano. Yenye sahihi hupata cha buluu. Wanachonunua ni hiyo buluu.

Kwa hiyo mimi siulizi kama sahihi ipo. Nauliza kama jina linaoana na picha iliyo mlangoni. VLC isainiwe na VideoLAN, Chrome na Google, Firefox na Mozilla. Na usiishie kusoma jina kwenye orodha ya kile kichupo, kwa sababu hata sahihi iliyoharibika huorodheshwa pale. Bonyeza Details uone kama Windows inaikubali.

Wengine husema inatosha kushusha kutoka tovuti yenye jina. Mwaka 2015 watengenezaji wa GIMP, programu huria ya kuhariri picha, walikuta akaunti yao ya zamani ya Windows kwenye SourceForge imeshikwa na wenye tovuti, na kisakinishi kimevishwa koti la matangazo ya programu nyingine. Wao walikuwa wamehama tangu 2013. Jina la tovuti lilikuwa lile lile. Lakini anayekuvisha koti hawezi kutia sahihi yako juu yake, maana ufunguo hana.

Kipimo hiki kina matundu pande zote mbili. Vyeti hugharimu pesa, na waungwana wengi wanaotoa programu bure hawana. Notepad++ yenyewe, programu ya bure ya kuhariri maandishi, ilitoka bila sahihi kwa muda mwaka 2019, cheti chake kilipokwisha. Upande wa pili ndio unaoninyima usingizi. Mwaka 2017 toleo 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, lilitoka na sahihi halali ya Piriform, mtengenezaji wake hasa, ilhali wadukuzi walishapenyeza programu hasidi ndani kabla halijasainiwa. Lilifika kwa watumiaji milioni 2.27. Pale hata mimi ningebonyeza bila wasiwasi.

Mdoezi wa stesheneri hakuwa na ujanja huo, na jina lake likatusaidia. Tulifungua orodha ya programu zilizosakinishwa, tukaipanga kwa safu ya mchapishaji. Kampuni ile ile ilikuwa na vitu vitatu humo: kile kisafishaji, upau wa kutafutia, na kingine cha hali ya hewa. "Hicho cha hali ya hewa nilikipenda," mama akasema. Tukaondoa vyote, tukashusha VLC kutoka kwa wenyewe, megabaiti 40 na ushei. Alikuwa ameshaweka mkono kwenye kipanya. "Subiri," akaniambia, akabonyeza kulia kwanza.