Amana ya Umma Huulizwa kwa Ujuzi: Funzo kutoka Kakamega

Safari ya kutoka Pwani hadi Kakamega ni ndefu, lakini udugu wetu na watu wa huko ni wa zamani. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilifika kwa watawala wa Wawanga, na Uislamu ukapata makao katika mji ambao hata leo unabeba jina la Nabongo Mumia. Habari za kaunti hiyo basi ni habari zetu pia.

Mwaka 2013, ugatuzi ulipoanza, serikali ya Kaunti ya Kakamega ilishirikiana na UNICEF kuanzisha mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto. Wananchi waliuita Oparanya Care, kwa jina la gavana wao wa kwanza, Wycliffe Oparanya. Mama mja mzito asiye na uwezo alipangiwa shilingi 2,000 kwa awamu sita, jumla yake 12,000. Masharti yalikuwa ahudhurie kliniki, ajifungulie katika kituo cha afya, na mwanawe apate chanjo zote.

Hilo ni jambo la kheri. Hata hivyo, fedha za umma hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mlengwa. Je, aliyeandikishwa ndiye anayestahiki? Malipo yamefika kwa wakati? Kituo alichoagizwa kwenda kina dawa na mkunga? Kwa mama mwenye uchungu wa uzazi usiku wa manane, majibu ya maswali haya ni uhai au mauti. Hasira na tetesi haziwezi kuyajibu. Yanahitaji utafiti, na utafiti unahitaji mafunzo.

Pwani tunao mfano wa kuigwa. Mwaka 2007, shirika la MUHURI la Mombasa liliongoza ukaguzi wa kijamii wa miradi ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge huko Changamwe. Kwanza zilitafutwa nyaraka za miradi. Kisha wakazi wa kawaida wakafunzwa kuzisoma. Wakaenda mpaka penye majengo, wakalinganisha maandishi na kuta walizoziona kwa macho. Wakawaelimisha majirani, na mwisho wakaitisha mkutano wa hadhara ambapo wahusika waliulizwa mbele ya watu. Wenyewe wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Wakati ule, kupata nyaraka kulitegemea sana hiari ya ofisi. Leo hali ni tofauti. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi itoe uamuzi juu ya ombi lake ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari hizo zinahusu uhai au uhuru wa mtu. Kifungu cha 201 nacho kinataka uwazi na ushirikishwaji wa wananchi katika mambo ya fedha za umma.

Kikundi cha akina mama, kiwe Mumias au Kisauni, kinaweza kuanza na jambo moja tu: zahanati ya mtaani. Wachague wawili wajifunze kusoma bajeti ya kaunti. Waandike barua kuomba orodha ya dawa zilizopelekwa. Waende wakahesabu, kisha wapeleke matokeo kwenye kikao cha wadi kwa adabu na ushahidi. Vyuo vyetu, kama Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichopo Kakamega, vina elimu ya utafiti inayoweza kushushwa hadi vijijini.

Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe. Kiongozi amekabidhiwa amana hiyo, nasi ndio wenyewe. Basi tusiwaachie wengine kazi ya kuiulizia.