Kila Kipandio na Umri Wake

Mwanamke mmoja aliingia katika kliniki ya magonjwa ya akili, hospitalini Sydney, akaanza kumwaga yaliyomjaa moyoni. Mume amerudia pombe, na akilewa anampiga. Mtoto wa kiume amerudi gerezani. Binti, bado mdogo, ana mimba. Yeye mwenyewe analia karibu kila siku, usingizi hauji, nguvu hana, na haoni sababu ya kuendelea kuishi. Daktari alimsikiliza, kisha akamwagiza aache vidonge vya buluu, ajaribu hivi vyekundu. Akampa tarehe ya kurudi, mwezi mmoja baadaye. Mama wa watu akatoka na huzuni ileile aliyoingia nayo.

Aliyeketi pembeni akitazama ni mwanafunzi wa udaktari, Michael Marmot. Leo ni Profesa Marmot wa University College London, na kisa hicho anakisimulia mwanzoni mwa kitabu chake cha 2015, *The Health Gap*. Nilikisoma, na kikanikaa rohoni. Daktari yule hakuwa mkatili. Alifanya alichofundishwa, na hilo ndilo linaloumiza: rangi ya vidonge ilibadilika, lakini mume mlevi na mzigo wote wa nyumba ile vilibaki palepale. Marmot amelibeba swali moja tangu siku hiyo. Kuna faida gani kumtibu mtu, kisha kumrudisha kulekule kulikomuuguza?

Jibu alilitafuta mahali ambapo wengi wetu tusingetazama: kwa watumishi wa serikali ya Uingereza. Whitehall ni eneo la wizara jijini London. Kuanzia 1967 watafiti waliwapima wanaume zaidi ya 17,000 waliofanya kazi huko, presha, lehemu, sigara, hata kimo, halafu wakawafuatilia mwaka hadi mwaka kuona nani anakufa na kwa maradhi gani. Marmot alijiunga nao katikati ya miaka ya 1970.

Watu hao hawakuwa mafukara. Hawakuwa vibarua wa kutwa. Walikuwa na ajira ya kudumu na pensheni mbele yao. Matibabu ya umma Uingereza ni bure tangu 1948. Wengi wao walifanya kazi za mezani, mbali na moshi wa viwanda na vumbi la migodi. Lakini walipangwa kwa madaraja, kama watumishi wetu wanavyopangwa mpaka leo: juu kabisa watendaji wakuu wanaotunga sera, chini yao wataalamu na maofisa, kisha makarani, na mwisho kabisa matarishi na mabawabu.

Tumezoea kusema presha na moyo ni maradhi ya mabosi. Waingereza nao waliamini hivyo. Hesabu zilipofungwa, zikasema kinyume: wanaume wa daraja la chini walikuwa wakifa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wa daraja la juu.

Msomaji, simama hapa kidogo. Tarishi kufa kabla ya mkuu wake kunasikitisha, ila pengine hakukushangazi. Tazama daraja la pili. Huyu ni msomi, ana ofisi yake, mshahara wake si haba, ana wa kuwatuma. Naye, kwa wastani, alikufa mapema kuliko aliyekuwa juu yake. Karani akafa mapema kuliko msomi huyo, na tarishi mapema kuliko karani. Ngazi nzima, kila kipandio na umri wake.

Sigara? Ni kweli wa chini walivuta zaidi. Lakini hata wasiovuta kabisa walifuata ngazi ileile. Ukijumlisha sigara, presha, lehemu na mengine ya aina hiyo, Marmot anaeleza, hayaelezi zaidi ya theluthi moja ya tofauti iliyoonekana. Sehemu kubwa iliyosalia ndiyo iliyomfanya aanzishe uchunguzi wa pili mwaka 1985, watumishi 10,308, safari hii wanawake wakiwemo. Humo waliulizwa yale ambayo kipimo cha damu hakiyajui. Nani anakupangia kazi? Unaweza kuamua uanze na lipi? Ukisema, unasikilizwa? Walioelemewa na kazi huku hawana uamuzi juu yake ndio waliougua moyo zaidi.

Marmot hachoki kulirudia hili. Bosi ana mambo mengi, lakini saa ya kikao anaipanga yeye. Tarishi anaitwa. Mwili wa binadamu umeumbwa kushtuka penye hatari, kisha utulie; anayeishi kwa kuitwa, asiyejua kesho ataamriwa nini na nani, mwili wake hautulii, na kwa miaka mingi moyo na mishipa ndivyo vinavyoumia. Kwake yeye, kukosa mamlaka juu ya maisha yako na kukosa nafasi ya kushiriki na wenzako kwa heshima humuuguza mtu.

Wapo wasiokubaliana naye. Mwaka 2011 wachumi Anne Case na Christina Paxson walizirudia takwimu za Whitehall wakaonyesha kwamba afya na hali ya utotoni zilikuwa zimeshaamua mengi kabla mtu hajaajiriwa: aliyekua vizuri ndiye aliyepanda, na ndiye aliyebaki mzima. Je, basi, ofisi inaua, au inawapokea tu watu walioumizwa zamani? Na kama ni utoto, mtoto wa tarishi anaanzia kipandio gani?

Mwaka ule wa 1967, Februari, sisi Tanzania tulitangaza Azimio la Arusha, dira yetu ya ujamaa. Viongozi wakakatazwa kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Waliolitunga waliliona pengo kati ya mtu na mtu kuwa suala la utu. London walikuwa wanaanza kukusanya ushahidi kwamba ni suala la uhai pia. Ni miaka mingi sasa, na ngazi zetu zimerefuka. Mtumishi wa Whitehall alau alikuwa na pensheni. Mlinzi wa getini wa kampuni binafsi Dar es Salaam au Nairobi, anayekesha bila mkataba, yuko kipandio gani?

Shirika la Afya Duniani lilimpa Marmot uenyekiti wa tume ya hali za kijamii zinazoathiri afya, iliyotoa ripoti yake mwaka 2008. Humo mna takwimu za Glasgow, Uskoti: mwanamume wa mtaa wa Calton alitarajiwa kuishi miaka 54, wa Lenzie, kilomita chache tu kutoka hapo, miaka 82. Miongoni mwa makamishna walikuwa Anna Tibaijuka wa Tanzania na Charity Ngilu wa Kenya. Tume ilisema wazi kwamba dhuluma katika jamii inaua watu kwa wingi, na kwamba mishahara, makazi, shule na masharti ya kazi ni mambo ya afya.

Ripoti hiyo ina majina ya mama zetu wawili. Wabunge wetu waisome kabla ya kupitisha bajeti ya mishahara, na waanze na mistari ya chini kabisa ya jedwali.